Mahindi Mabichi ya Mutenguleni

Kwetu Songea, Februari ni mwezi wa mambo mawili yasiyokutana. Mashambani mahindi yanakaribia kukomaa. Watoto wanapita kwenye matuta wakibinya punje kwa ukucha, kuona kama maziwa bado mepesi au yameanza kushika. Mjini, pale Mahenge penye makumbusho, wazee, viongozi, wanajeshi na wanafunzi wanakusanyika kuwakumbuka mashujaa wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Huko ndiko liliko kaburi la halaiki, na huko ndiko anakokumbukwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Nimekua nikiyaona yote mawili kila mwaka, na kila mwaka shamba likabaki shamba, kumbukizi ikabaki kumbukizi.

Niliposikia kwamba ndugu zetu Wangoni wa mashariki mwa Zambia hufanya sherehe yao kubwa ya kushukuru kwa mavuno ya kwanza katika siku zizo hizo, nikajua lazima niende. Sherehe hiyo inaitwa Ncwala. Hufanyika kila mwaka karibu na tarehe 24 Februari, katika uwanja wa Mutenguleni nje ya mji wa Chipata, mbele ya mfalme wao mwenye cheo cha Mpezeni. Kwa mila ya zamani, hakuna aliyeruhusiwa kugusa mazao mapya ya shamba mpaka mfalme ayalimbue.

Kutoka Songea unaweza kupita Tunduma hadi Lusaka, kisha ukageukia mashariki. Mimi nilipita Malawi, kwa sababu njia hiyo ina mengi ya kumwambia Mngoni. Ukishapita Njombe na Mbeya unateremka Tukuyu kwenye migomba na mashamba ya chai, unavuka mpaka wa Kasumulu, unaandamana na Ziwa Nyasa kutoka Karonga, halafu barabara inapanda milima kuelekea Mzuzu. Baada ya hapo nchi inatandazika. Ni uwanda wa Mzimba, makao ya Wangoni wa mfalme M'mbelwa.

Mababu zetu walipita nchi hizi wakitoka upande wa pili. Zwangendaba Jere aliwatoa watu wake kusini kabisa mwa Afrika wakati wa vita vilivyoambatana na kuinuka kwa dola ya Wazulu ya Shaka. Novemba 1835 walivuka mto Zambezi, siku ambayo jua lilipatwa. Wakaendelea kaskazini mwaka baada ya mwaka, wakiteka na kuoa, wakichukua watu wa kila lugha, hadi wakafika Ufipa, ambako leo ni mkoa wetu wa Rukwa. Huko Zwangendaba akafariki katika miaka ya 1840, na msafara ukagawanyika. Wapo waliorudi kusini wakaweka makao Mzimba. Mpezeni wa kwanza akaelekea kusini magharibi, hadi nchi inayoizunguka Chipata. Wengine, chini ya Zulu Gama, wakazunguka upande wa mashariki wa ziwa wakafika kwetu. Kila nilipoangalia nje ya dirisha la basi niliona uwanda mwingine, nikawaza jinsi watu hao walivyoutembea kwa miguu, ng'ombe mbele na watoto mgongoni, wakiwa na mbegu kidogo tu za kupanda watakapotua.

Kando ya barabara mahindi mabichi yaliuzwa kila kituo. Kulikuwa na uyoga uliopangwa kwenye mabakuli, na panya wa shamba waliokaushwa wakachomekwa kwenye vijiti. Mama mmoja aliniuzia togwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji, tamu na nzito kama ile ya Peramiho. Basi lilipofika Lilongwe tukabadili gari kwenda Mchinji, tukavuka mpaka, na baada ya safari fupi milima ya Chipata ikajitokeza. Mji huu Waingereza waliuita Fort Jameson. Leo una misikiti, maduka ya Wahindi wa siku nyingi, soko lililojaa karanga, na baiskeli kila kona.

Nilipokelewa na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye reli ya TAZARA upande wa Mbeya. Kiswahili chake kilikuwa cha kituo cha reli, cha haraka na cha uhakika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajauliza ukoo wangu wala habari za njiani, akauliza, "Mvua imewaendeaje huko kwenu, mwanangu?"

Nikamwambia Songea imenyesha vizuri, ila upande wa Tunduru watu wanalalamika.

"Na mbolea?"

"Imechelewa kufika vijijini, baba."

Akatikisa kichwa, akanieleza habari za mashamba ya kwao moja baada ya jingine: kwa chifu huyu mahindi yamefika kifuani, kwa yule viwavi wamekula majani machanga, kwa mwingine mto umechukua bonde zima la maboga. Baadaye nikaona kuwa wageni wote waliofika nyumbani kwake jioni ile walisalimiana hivyo hivyo. Watu walikuwa wanaingia Ncwala kwa kupeana taarifa za chakula.

Asubuhi ya sherehe tuliondoka gizani. Ardhi ilikuwa imelowa, na njia ya Mutenguleni imejaa watu kabla jua halijapanda. Kila chifu aliye chini ya Mpezeni huja na kikosi chake, na kila kikosi kiliingia uwanjani kwa mwendo wake na nyimbo zake. Wanaume walivaa ngozi za wanyama kiunoni na kichwani, mkononi wakiwa na ngao ya ngozi ya ng'ombe na rungu au mkuki. Mbele yangu palikuwa na mvulana wa miaka kama kumi, ngozi ya mbuzi imemzidi kimo. Babu yake alipiga goti kwenye tope, akamkaza mkanda, akamvisha njuga za miguuni na kuzijaribu kwa kuutikisa mguu wa mtoto mpaka zilipolia sawasawa. Kisha akamsukuma polepole aingie mstarini na wakubwa.

Kishindo cha ngoma yao kinatoka miguuni. Safu nzima inainua mguu mmoja, inausimamisha hewani, kisha unatua kwa pamoja, nawe uliyekaa pembeni unakisikia kifuani. Wanawake wanajibu kwa makofi na vigelegele. Wanaingia katikati ya safu za wanaume, wanamsogelea anayecheza vizuri na kumsifu kwa jina la ukoo wake. Nyimbo zenyewe ni za lugha ya zamani, lugha ya kusini, ambayo wengi wa waimbaji hawaitumii nyumbani. Wangoni wa Chipata walioa Wansenga na Wachewa, na watoto wakakua na lugha za mama zao. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Kingoni cha Songea kimechota zaidi kwa wenyeji tuliowakuta kuliko kwa Zwangendaba. Lakini uwanjani pale, mfalme alipoingia na maelfu wakaitikia "Bayete!", salamu ya kifalme ya Wanguni, kila mtoto aliijua.

Wabemba nao walikuwepo. Ni watani wa Wangoni kwa sababu ya vita walivyopigana zamani, na Ncwala haikamiliki bila wao kuja kuchokoza. Niliwasikia wakiwaambia wenyeji kwamba wamekuja kuhesabu panya waliobaki mashambani, na wenyeji wakawajibu waende kwanza wakatafute nyani wa kitoweo. Nilifurahi sana, maana ni kama kumsikia Mngoni na Mhehe kwenye msiba wa Iringa. Watu waliowahi kuuana sasa wanakaa kwenye shukrani moja, na kiapo chao cha amani ni matani.

Kisha akaletwa dume la ng'ombe, jeusi tii. Uwanja ulinyamaza. Mnyama alichomwa mkuki, damu yake ikakingwa ingali ya moto, ikapelekwa kwa mfalme, naye akainywa mbele ya watu wote. Sikugeuza uso. Wapo wanaosema jambo hili limepitwa na wakati, na nawaheshimu. Mwaka 2009, huko Afrika Kusini, watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani kupinga kuuawa kwa dume katika sherehe ya Wazulu ya mavuno ya kwanza, na ombi lao likakataliwa. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Watu hawa wanamchinja ng'ombe hadharani, kwa jina la mababu na kwa hofu, na nyama yake inagawanywa. Wengi wetu tunakula nyama iliyochinjwa mahali tusipopaona, na hatuna tunayemshukuru.

Baada ya damu yakaja mazao. Yaliletwa mbele ya mfalme mahindi mabichi, maboga na miwa, vitu ambavyo kila mtu uwanjani alikuwa navyo nyumbani. Mfalme akaonja. Hapo ndipo sauti ilipolipuka kutoka kila upande, wanawake wakirusha mikono, vikosi vikikanyaga ardhi, vijana wakipuliza filimbi. Mwaka ulikuwa umefunguliwa.

Yule mzee wangu alinieleza maana yake huku akitafuna muwa. "Zamani Februari ilikuwa mwezi wa njaa," alisema. "Ghala limekwisha, mahindi yamesimama shambani lakini hayajakauka. Ukiiachia njaa iamue, mtu anakula shamba lake likiwa bichi. Mwezi wa sita anakwenda kuvuna, anakuta mabua." Katazo la kula kabla ya mfalme lilikuwa kufuli la ghala ambalo bado liko shambani. Liliwalazimisha tajiri na maskini wangoje pamoja, na lilimlinda mvumilivu asije akaibiwa na jirani mwenye pupa. Tena, kwa kuwa kila eneo lilileta mazao yake, mfalme aliona kwa macho, siku moja na mahali pamoja, nani kapata mvua na nani kakosa. Aliyeleta boga dogo hakuhitaji kueleza shida yake kwa maneno mengi.

Ndiyo maana nakataa kuiita Ncwala tamasha la ngoma tu. Ni sheria ya chakula iliyovaa ngozi na njuga ili isisahaulike. Shukrani ndiyo iliyoifanya sheria hiyo ibebeke. Mtu anavumilia njaa kwa moyo mwepesi zaidi akijua kwamba kungoja kwake ni ibada, na kwamba siku ya kula itakuwa ya wote.

Waingereza waliielewa nguvu hiyo kwa namna yao. Januari 1898 majeshi yao yaliyotoka nchi ambayo leo ni Malawi yalimshambulia Mpezeni wa kwanza. Mwanawe Nsingu, aliyeongoza vita, alikamatwa akauawa kwa kupigwa risasi. Vijiji vilichomwa, ng'ombe kwa maelfu wakatekwa, na ardhi nzuri ikaingia mikononi mwa kampuni na walowezi. Ncwala ikapigwa marufuku. Kwa mtawala mgeni, siku inayokusanya vikosi vyote, silaha mkononi, mbele ya mfalme mmoja, ilikuwa siku ya kuogopwa. Wazulu nao waliikosa sherehe yao ya mavuno ya kwanza kwa muda mrefu baada ya kushindwa na Waingereza mwaka 1879. Huko Eswatini, ambako ufalme haukuvunjwa, Incwala imeendelea hadi leo, Desemba na Januari.

Ncwala ya Mutenguleni ilirudi mwaka 1980, baada ya kimya cha zaidi ya miaka 80. Hebu fikiria muda huo. Karibu wote waliowahi kuicheza wakiwa vijana walikuwa wamekwisha kufa. Ilibidi watu wakusanye vipande: wimbo kwa bibi huyu, mwendo wa miguu kwa babu yule, mpangilio wa siku kutoka kwenye simulizi za nyumbani. Leo viongozi wa serikali wanakaa jukwaa kuu, kampuni zinatundika mabango ya biashara, na wachuuzi wanauza soda na mavazi yenye picha za ngao. Baadhi ya wazee wanasikitika kwamba hotuba zimekuwa ndefu kuliko nyimbo. Nawaelewa. Hata hivyo, mvulana yule mwenye ngozi ya mbuzi alikuwa mstarini na babu yake alikuwa anamtazama, na hilo halikuletwa na mdhamini.

Usiku ule, mjini Chipata, niliwaza kwetu.

Kinachosimuliwa sana kuhusu Majimaji ni maji ya mganga Kinjekitile yaliyoaminika kuzuia risasi, bunduki na kitanzi. Tunapaswa kusimulia, na dunia imeanza kusikia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha, mbele ya ukoo ambao hadi leo unatafuta fuvu la Nduna Songea. Lakini walionyongwa walikuwa makumi. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kwa sababu ya vita vile walikuwa kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa njaa. Gavana wa Kijerumani, von Götzen, na maofisa wake waliona kuwa wapiganaji wa msituni hawamalizwi kwa bunduki peke yake, wakaamua kuliacha tumbo limalize kazi. Mashamba yalichomwa, maghala yakamwagwa na kuchukuliwa, hata mbegu ya kupanda ikakosekana. Nchi ya Ungoni, iliyokuwa ikilisha majeshi, ikageuka pori, na wanyama wakali wakarudi kwenye mahame.

Kwa hiyo waliokufa kwetu wengi wao walikuwa mama aliyekosa unga, mtoto aliyekosa uji, na mzee aliyemwachia mjukuu tonge lake la mwisho. Hawana sanamu. Majina yao hayakuandikwa mahali popote. Na katika kumbukizi zote nilizowahi kuhudhuria Mahenge, sijaona hindi bichi hata moja likipewa nafasi mbele ya kaburi.

Wala si kwamba sisi hatujui kushukuru. Makanisani tuna Jumapili ya mavuno. Watu wanaleta magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na kwaya inaimba mpaka paa linatetemeka. Vijijini bado wapo wazee wanaotia tone la pombe chini kabla ya kunywa. Ruvuma leo ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Malori yanatoka Songea na Namtumbo yakiwa yamejaa mahindi ya kwenda Dar es Salaam na nje ya mipaka. Mkoa ulioangamizwa kwa njaa umekuwa ghala la taifa. Kama kuna watu wenye haki ya kulisema jambo hilo kwa sauti, na kulishukuru, ni sisi.

Sipendekezi tumwige Mpezeni. Hatuna haja ya kuchukua dume jeusi wala salamu ya kifalme na kuzipandikiza mahali ambapo mizizi yake ilikatwa. Mutenguleni imenionyesha jambo moja ambalo tunaweza kulifanya kwa namna yetu: kukiweka chakula mahali pa heshima siku ya kuwakumbuka waliotutangulia. Februari ijayo, pamoja na mashada ya maua, kila wilaya ya mkoa wetu ilete Mahenge mazao yake ya kwanza: Songea, Namtumbo, Mbinga, Nyasa na Tunduru. Wazee wa Mshope na wa Njelu, falme zetu mbili za zamani, wajukuu wa vita vile, wayaonje kwanza, na padri, mchungaji na shehe wayaombee. Mwalimu asimame awaeleze watoto jinsi ghala lilivyogeuzwa silaha, na kwa nini mtu mzima halali kwa amani jirani akiwa hana unga. Wilaya iliyokosa mvua mwaka huo ionekane pale pale, na iondoke na gunia.

Jambo hili halihitaji bajeti ya serikali wala kibali cha wizara. Linahitaji wazee wakubali na wakulima wabebe. Nimekwisha kulifikisha kwa wazee wawili wa ukoo wangu. Mmoja amekubali papo hapo, mwingine ameuliza nani atahakikisha kwamba mahindi hayo hayaishii mezani kwa wageni waalikwa. Swali lake ni la haki, na lijibiwe kabla ya Februari. Wasomaji wa Ruvuma, naomba tulijadili.